Kwa Boti Nyembamba Hadi Stratford-upon-Avon

Mfereji wa Stratford-upon-Avon ni njia ya maji iliyochimbwa kwa sururu na koleo katikati ya Uingereza, kuanzia Kings Norton, kusini mwa jiji la Birmingham, hadi ukingo wa Mto Avon katika mji wa kale wa soko ambao dunia inaujua kwa sababu ya William Shakespeare. Una urefu wa kilomita 41 hivi. Ulichimbwa ili upitishe makaa ya mawe. Siku hizi hakuna makaa yanayopita; wanaopita ni familia na marafiki waliokodi boti kwa siku tatu, nne au saba, wanaolala, kupika na kuoga humo humo ndani, na kuiendesha wenyewe bila nahodha wa kuajiriwa. Kipande cha mwisho, kutoka kijiji cha Wootton Wawen hadi Stratford, ndicho kinachofaa zaidi kwa likizo fupi. Ni kilomita 10 hivi tu, umbali ambao gari huumaliza kwa robo saa na boti huuchukua karibu mchana kutwa.

Boti zenyewe ni ndefu na nyembamba kupita kiasi kwa macho ya mtu aliyezoea majahazi na ngalawa. Upana ni mita 2.1 tu, na urefu unaweza kufika mita 21. Chanzo cha wembamba huo ni fedha. James Brindley, fundi aliyesimamia mifereji mingi ya kwanza ya Uingereza, alianza mwaka 1766 kujenga Mfereji wa Trent na Mersey, na ilimbidi aupitishe chini ya kilima cha Harecastle. Handaki pana lingekula fedha na miaka mingi, na malango mapana ya maji yangehitaji maji mengi mno. Akachagua kipimo chembamba, na wajenzi wengi wa mifereji ya eneo la kati wakamfuata. Karne mbili na nusu baadaye, kipimo hicho hicho ndicho kinachoamua kitanda cha mgeni kiwe na upana gani na watu wawili wapishane vipi jikoni.

Faida yake ilikuwa kubwa vya kutosha kuvumilia usumbufu huo. Katika barabara za matope za karne ya 18, farasi mmoja alivuta mkokoteni wa tani moja au mbili. Farasi huyo huyo, akitembea ukingoni huku akivuta boti kwa kamba, alihamisha tani 25 na zaidi. Mfereji wa Bridgewater ulipofika Manchester katika miaka ya 1760, ukileta makaa kutoka migodi ya Duke wa Bridgewater huko Worsley, bei ya makaa mjini humo ilishuka kwa karibu nusu. Baada ya hapo kila mji uliokuwa na wafanyabiashara wenye uwezo ulitaka mfereji wake.

Stratford nao ulitaka. Bunge lilitoa idhini mwaka 1793, na uchimbaji ukaanza Kings Norton mwishoni mwa mwaka huo. Kufikia 1796 mfereji ulikuwa umefika Hockley Heath, na fedha zilikuwa zimekwisha. Kazi iliendelea kwa kusuasua hadi Kingswood, ambako mfereji uliunganishwa na njia nyingine ya maji mwanzoni mwa miaka ya 1800, kisha ikasimama tena. Aliyeifufua ni William James, mfanyabiashara wa Warwickshire ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa reli. Fundi wake, William Whitmore, alisukuma mfereji kuelekea kusini kuanzia 1812, na Juni 1816 maji yake yakaungana na Mto Avon. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 22 tangu koleo la kwanza.

Ubanaji wa matumizi wa miaka hiyo ya mwisho bado unaonekana kwa macho, na ndio unaoipa sehemu ya kusini ya mfereji huu sura yake ya pekee. Kwanza ni madaraja. Katika mifereji mingi, daraja hujengwa pana ili njia ya farasi ipite chini yake pamoja na maji. Whitmore aliokoa matofali kwa kujenga madaraja membamba, yenye upana wa boti moja tu, huku njia ya farasi ikizunguka kando. Lakini kamba ya kuvutia boti ingepitaje? Daraja lilijengwa kwa vipande viwili vya chuma vinavyotoka kila ukingo na kukaribiana juu ya maji bila kugusana. Kati yavyo uliachwa mwanya wa sentimita chache. Farasi alizunguka, kamba ikapenya katika mwanya, na boti ikaendelea bila mtu kufungua fundo. Anayepita leo akitazama juu huona mstari mwembamba wa anga katikati ya daraja. Pili ni nyumba za walinzi wa malango, ambazo anayetokea kaskazini huziona kati ya Lapworth na Preston Bagot. Paa zake si za pembe. Ni kuba ndefu ya matofali. Inasemekana kuwa mafundi walijenga walichokijua, na walichokijua ni matao ya madaraja.

Makaa ya mawe kutoka upande wa Birmingham ndiyo yaliyolipa gharama. Stratford ikawa bandari ndogo ya nchi kavu, yenye gati, maghala na yadi za makaa mahali ambapo sasa pana bustani za maua. Boti zikirudi zilipakia nafaka, na kutoka machimbo ya Wilmcote zilipakia mawe ya chokaa. Kuanzia 1826 njia ya mabehewa yaliyovutwa na farasi iliyasogeza makaa hayo kutoka Stratford hadi Moreton-in-Marsh; daraja lake la matofali juu ya Avon bado lipo, na watembea kwa miguu hulitumia kila siku.

Reli zilipoanza kushindana na mifereji, malipo ya kubeba mizigo yalishuka kote nchini, na mabaharia wengi wa mifereji hawakumudu tena kodi ya nyumba. Wake na watoto wakahamia botini. Familia nzima iliishi katika kibanda cha tezini chenye urefu wa mita 3 hivi: jiko la makaa kando ya mlango, kabati ambalo mlango wake uliangushwa ukawa meza, na kitanda kilichokunjuliwa usiku kukatisha chumba chote. Watoto waliongoza farasi na kufungua malango, na wengi hawakupata kusoma. Kampeni ya George Smith wa Coalville ilisababisha Bunge kupitisha Sheria ya Boti za Mifereji ya mwaka 1877, iliyotaka boti zisajiliwe na zikaguliwe usafi na idadi ya watu. Katika nafasi hiyo finyu ndimo ilimokomaa sanaa ya kupaka maua ya waridi na makasri kwenye milango, ndoo na mitungi ya maji. Boti nyingi za kukodi huchorwa hivyo hadi leo, na ni vyema mgeni ajue kwamba urembo huo ulikuwa wa watu waliokuwa na nafasi ndogo sana ya kuita yao.

Mwaka 1856 Mfereji wa Stratford uliuzwa kwa kampuni ya reli, na kampuni ya reli haikuwa na sababu ya kumtunza mshindani wake. Kufikia miaka ya 1950 sehemu ya kusini ilikuwa imejaa matope na magugu, na milango ya malango imeoza. Mwaka 1958 Halmashauri ya Warwickshire iliomba idhini ya kuufunga kabisa. Ilikuwa inataka kujenga upya daraja bovu pale Wilmcote, na daraja lisilolazimika kupitisha boti chini yake ni rahisi zaidi. Hoja yake ya kisheria ilikuwa kwamba mfereji ulikuwa hautumiki tena. Wapenzi wa mifereji walijibu kwa ushahidi mdogo usiopingika: tiketi za ushuru za mwaka 1957, walizokata wapiga kasia waliopita humo na mitumbwi yao myepesi. Chombo kilikuwa kimepita, na ushuru ulikuwa umepokelewa. Mwaka 1959 serikali ilikataa ombi la kufunga.

Vita hiyo ilikuwa na mizizi ya nyuma zaidi. L.T.C. Rolt, mhandisi aliyeishi ndani ya boti yake iitwayo Cressy, alichapisha mwaka 1944 kitabu Narrow Boat, kilichowaonyesha Waingereza walichokuwa wanakipoteza. Miaka miwili baadaye yeye na Robert Aickman walianzisha Inland Waterways Association. Mwaka 1947 Rolt aliileta Cressy kwenye sehemu ya kaskazini ya mfereji huu huu, ambako daraja la kampuni ya reli lilikuwa limeziba njia, na kwa kuwa sheria bado ilitambua haki ya kupita, wafanyakazi wa reli walilazimika kuliinua.

Shirika la National Trust lilipokea sehemu ya kusini kwa mkataba wa mwaka 1960, na David Hutchings akakabidhiwa kazi ya kuifufua. Hakuwa na bajeti ya kuajiri makandarasi. Alikuwa na watu wa kujitolea waliofika mwishoni mwa wiki, vijana wa skauti, askari wa jeshi, na wafungwa wa gereza la Winson Green la Birmingham. Watu hao walichota matope, walijenga upya kuta na kutundika milango mipya. Tarehe 11 Julai 1964 Malkia Elizabeth, mama yake Malkia Elizabeth II, aliufungua mfereji rasmi. Mafanikio hayo yalibadili fikra za nchi nzima, kwa sababu yalithibitisha kwamba watu wa kawaida wanaweza kuurudisha mfereji ambao wataalamu walikuwa wamekwisha kuuandikia cheti cha kifo. Hutchings mwenyewe aliendelea na sehemu ya juu ya Mto Avon, iliyofunguliwa kwa boti mwaka 1974. Tangu 2012 mfereji uko chini ya Canal & River Trust, taasisi ya hisani inayotunza njia za maji zenye jumla ya kilomita 3,200 hivi huko Uingereza na Wales.

Kukodi boti hakuhitaji leseni ya udereva wala uzoefu. Kwa kawaida wageni hupokea boti alasiri, na mfanyakazi wa kampuni huwaeleza injini ya dizeli, gesi ya kupikia, betri, tangi la maji na choo, kisha husafiri nao mwendo mfupi hadi aridhike. Ndani, vyumba vimefuatana kwa mstari mmoja: sebule yenye jiko dogo la kuni au makaa, kisha jiko la kupikia, bafu, na chumba cha kulala. Injini ikizunguka mchana huchaji betri na kuchemsha maji ya kuoga ya jioni. Watu wawili wenye nguvu wanatosha, ingawa wanne wanastarehe zaidi, maana mmoja hubaki botini na wengine hutangulia kuandaa malango.

Uendeshaji wake una siri chache. Boti haina gurudumu la usukani. Nahodha husimama tezini akiwa ameshika kana, na kana ikisukumwa kulia omo huenda kushoto. Boti hugeukia katikati yake, kwa hiyo omo ikielekea upande mmoja tezi hufagia upande wa pili, na mgeni ambaye amesahau hilo hugonga ukingo kwa nyuma. Haina breki; husimamishwa kwa kurudisha injini nyuma, na ikirudi nyuma karibu haielekezeki. Boti zikikutana kila moja hukaa kulia. Mwendo wa mwisho ni kilomita 6.4 kwa saa, na mara nyingi huwa chini ya hapo, kwani mawimbi hubomoa kingo. Akipita karibu na boti zilizofungwa, nahodha mwenye adabu hupunguza mwendo hadi karibu kusimama, ili chai ya watu isimwagike na vigingi vyao visingʼoke.

Kilicho kigumu zaidi, na kinachofurahisha zaidi, ni lango la maji. Hilo ni chumba cha matofali au mawe kilichojengwa ndani ya mfereji pale ardhi inaposhuka, chenye milango mizito kila upande. Katika kila mlango au ukuta wa jirani kuna vizibo vinavyofungua njia za maji chini ya uso. Kuelekea Stratford, mfereji unashuka. Mtu hushuka botini akiwa na mkono wa chuma wenye pembe, ambao ndio ufunguo wa kila kitu. Kama chumba ni kitupu, hufungua vizibo vya juu na kukijaza. Maji ya ndani yakilingana na ya nje, huegemeza mgongo kwenye boriti ndefu ya mlango, hukanyaga matofali yaliyoinuliwa ardhini ili miguu isiteleze, na kusukuma. Mlango hauendi kwa nguvu ya ghafla. Huenda kwa uzito wa mwili unaoegemea bila kuchoka. Hata tofauti ya sentimita chache za maji hutosha kuufanya usitikisike.

Boti ikiingia, mlango wa juu hufungwa, vizibo vya juu hushushwa, na vya chini hufunguliwa. Maji hutoka kwa kishindo, na boti hushuka pamoja nayo, kuta zenye ukungu zikipanda pande zote mbili, hadi nahodha anaona tu kipande cha anga na vichwa vya wenzake. Hapo ndipo penye hatari moja ambayo kila mgeni huonywa. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha zege au mawe kinachojitokeza ndani ya chumba, na mstari mweupe ukutani huonyesha kinapoishia. Tezi ikibaki nyuma ya mstari huo, itakalia kizingiti wakati omo inaendelea kushuka, na boti inaweza kuzama kwa dakika chache. Aliye kwenye vizibo hamwachi nahodha machoni, na akiona boti inaanza kuinama huvifunga mara moja. Mambo yakienda sawa, kazi yote huchukua dakika 10 hadi 15, na zaidi ya lita 100,000 za maji huwa zimeshuka kutoka sehemu ya juu kwenda ya chini. Ndiyo maana wakati wa ukame saa za kufungua malango hupunguzwa, na ndiyo maana mtu akiona boti nyingine inakuja kutoka upande wa pili, na maji ya chumba yakiwa usawa wa upande huo, huiachia ilitumie lango kwanza, badala ya kumwaga maji bure.

Wootton Wawen, inakoanzia safari fupi, ni kijiji chenye kanisa ambalo sehemu zake zilijengwa kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066. Mfereji unakivuka kwa sanduku la chuma la mwaka 1813 lililopita juu ya barabara kuu, na magari hupita chini ya boti. Lakini hilo ni utangulizi tu. Mbele kidogo liko daraja la maji la Edstone, lenye urefu wa mita 145, refu kuliko madaraja yote ya maji ya aina yake nchini England. Ni mfereji ndani ya chuma cha kusubu, umebebwa na nguzo za matofali, ukivuka bonde, barabara, kijito na reli. Njia ya miguu haiko sawa na uso wa maji. Iko chini, usawa wa sakafu ya sanduku, hivyo anayetembea pembeni huona boti ikimpita usawa wa mabega. Upande wa pili ukingo ni mfupi, na nahodha husafiri akiwa hana kizuizi kati yake na malisho yaliyo chini. Zamani palikuwa na bomba ubavuni mwa daraja hilo, na treni za mvuke zilisimama chini yake kujaza maji ya mfereji.

Baada ya Edstone kuna mwendo mrefu usio na lango, mashamba pande zote, hadi Wilmcote. Hapa ndipo ilipo nyumba ya utoto ya Mary Arden, mama yake Shakespeare. Kwa miaka mingi wageni walionyeshwa jumba la mbao zuri na kubwa. Mwaka 2000 utafiti wa nyaraka ulithibitisha kwamba jumba hilo lilikuwa la jirani aliyeitwa Adam Palmer, na kwamba nyumba ya akina Arden ni ile ya karibu yake, yenye sura ya kawaida zaidi.

Mara baada ya kijiji yanaanza malango 11 ya Wilmcote, yaliyofuatana kwa karibu kushuka kuelekea bonde la Avon. Saa tatu hupita hapo bila mtu kuona zilivyokwenda. Kikundi kinachojipanga vizuri huwa na mtu mmoja aliyetangulia kwa miguu au baiskeli kujaza lango linalofuata, na mwingine wa nyuma wa kufunga milango. Kufikia lango la nne au la tano, watu ambao asubuhi walikuwa hawajui kizibo ni nini huwa wanafanya kazi bila kuelekezana.

Mfereji unaingia Stratford kwa mlango wa nyuma. Unapita nyuma ya nyumba, karakana na viwanja vya biashara, unashuka malango machache zaidi, unainamia chini ya daraja la mwisho ambalo ni la chini sana, kisha ghafla unafunguka katika bwawa la Bancroft, katikati kabisa ya mji, mbele ya Royal Shakespeare Theatre. Pembeni yupo Shakespeare wa shaba juu ya mnara wa mwaka 1888, akiwa amezungukwa na Hamlet, Lady Macbeth, Falstaff na Mwanamfalme Hal. Watalii waliokuja kwa mabasi hujipanga ukingoni kutazama nani anaingia. Nafasi za kufunga boti hujaa mapema wakati wa kiangazi, hivyo anayefika kabla ya saa tisa alasiri ana nafuu.

Mji wenyewe ulikuwa soko kabla haujawa kitu kingine. Mwaka 1196 Mfalme Richard I alimpa Askofu wa Worcester, John wa Coutances, haki ya kuendesha soko la kila wiki hapa. Askofu alipima viwanja vya ukubwa mmoja, upana wa mita 18 na urefu wa mita 60 hivi, akavikodisha kwa shilingi 1 kwa mwaka kila kimoja, na mafundi na wachuuzi wakaja. Ramani ya mitaa aliyoichora bado ndiyo ramani ya katikati ya Stratford. Sheep Street ni mtaa wa biashara ya kondoo, na Rother Street ndipo ngʼombe waliposimamishwa wauzwe. Kufika kwa wafanyabiashara wa mbali kulirahisishwa mwishoni mwa karne ya 15, pale Hugh Clopton, mwana wa eneo hilo aliyetajirikia London hadi akawa meya wake mwaka 1491, alipogharimia daraja la mawe lenye matao 14 juu ya Avon. Magari bado yanalivuka.

Katika soko hilo ndimo alimokulia Shakespeare, na kumbukumbu za mji zinamwonyesha kama mtu wa soko zaidi kuliko wa majukwaa. Baba yake, John, alishona na kuuza glovu za ngozi, na pembeni akafanya biashara ya sufu. Jina lake linaonekana mwaka 1552 alipotozwa faini kwa kuweka lundo la taka Henley Street. Februari 1598, baada ya mavuno mabaya miaka mfululizo, mji uliorodhesha watu wenye akiba ya nafaka iliyoandaliwa kwa kutengenezea bia. William Shakespeare aliandikwa kuwa na vipimo 10, kiasi kikubwa kwa nyumba moja wakati bei za chakula zimepanda. Nyumba aliyozaliwa iko Henley Street, ilinunuliwa mwaka 1847 kwa michango ya watu ili isiangukie mikono ya wafanyabiashara. Nyumba aliyoinunua ukubwani, New Place, ilibomolewa mwaka 1759 na mchungaji aliyekuwa mmiliki wake, na leo kuna bustani. Kaburi la Shakespeare liko ndani ya Kanisa la Holy Trinity, mwendo mfupi wa miguu kutoka Bancroft kwa njia ya ukingo wa mto.

Msomaji wa Kiswahili ana njia yake mwenyewe ya kufika kwenye kaburi hilo. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1963 na kurekebishwa 1969 kwa jina Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Aliyesoma tamthilia hizo shuleni, akaketi jioni moja katika ukumbi ulio hatua chache kutoka boti yake, atagundua kwamba hadithi ya mkopo, dhamana na wafanyabiashara wa baharini iliandikwa na mtoto wa mji ulioishi kwa mizani na vibanda.

Kurudi Wootton Wawen ni kupanda, malango yale yale kwa mpangilio wa kinyume, chumba kikijazwa badala ya kumwagwa. Wenye siku nyingi wanaweza kuingia mtoni kupitia lango la mwisho na kufuata Avon hadi Tewkesbury, wakarudi kwa Mto Severn na Worcester. Mzunguko huo unafaa wiki mbili, unahitaji leseni nyingine kwa ajili ya Avon, na unategemea mito isiwe imefurika. Kwa likizo fupi, Aprili hadi Oktoba ndio wakati wake, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Machi malango hufungwa kwa zamu yafanyiwe matengenezo, na lango moja lililofungwa Wilmcote linatosha kuizuia safari yote. Ratiba ya kufunga hutangazwa mapema. Isomwe kabla ya kulipa. Na kwa anayekwenda hasa kwa ajili ya soko: soko la kale la Rother Street hufanyika Ijumaa, wakati boti za siku tatu kwa kawaida huchukuliwa Ijumaa alasiri na za siku nne hurudishwa Ijumaa asubuhi. Huyo na akodi boti kwa wiki nzima isiyoanzia Ijumaa.